Musambi Namba Saba

Kama kuna kazi ya kijinga kuliko kusimama juu ya paa ukielekeza antena kwenye kitu usichokiona, Karenzi alikuwa hajaifanya. Na kazi alizifanya nyingi. Alichunga ng'ombe wa baba yake kule Mushaki, akafundisha fizikia Goma kwa mshahara uliokuja ukijisikia, akauza mafuta ya taa kwa chupa. Zote hizo zilikuwa na mtu wa kukusifu au wa kukutukana. Hii ya sasa ilikuwa na setilaiti, na setilaiti haina shukrani wala matusi.

Setilaiti yenyewe ilikuwa ndogo, haizidi kreti ya bia. Wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha ng'ambo waliiunda ili kujaribu vitu vipya huko juu: betri ya aina mpya, vibao vya jua vya aina mpya, na redio ya kubeba barua kutoka upande mmoja wa dunia na kuzimwaga upande mwingine. Nafasi kidogo ikabaki, wakaiwekea na sikio la kusikiliza visanduku vilivyofungwa migongoni mwa ndege. Ndege hao ni korongo wenye taji la manyoya ya dhahabu, ambao Gisenyi nzima inawaita misambi. Kisanduku kinalia, setilaiti inasikia na kupiga hesabu ya mahali kilipo, kisha ikipita juu ya Gisenyi inammwagia Karenzi habari zote, mradi awe ameielekezea antena sawasawa.

Mota ya kuigeuza antena iliungua mapema. Jack, injinia kijana aliyekuja kufunga mitambo, alishikwa na malaria, akarudi kwao akiahidi kutuma mota nyingine, na ahadi hiyo haikufika hata siku moja. Karenzi akaifungia antena usukani wa baiskeli mbovu, akawa anaigeuza kwa mkono, polepole, kutoka upande mmoja wa mbingu mpaka mwingine. Asubuhi na jioni, mvua inyeshe au risasi zilie kule Kanzenze, yeye yuko juu ya paa la ofisi ya mradi. Mgongo ulimuuma, na magoti pia. Mke wake, Umulisa, alimwambia siku moja kwamba ameolewa na mlingoti, naye hakuwa na nguvu ya kubisha.

Lakini mwaka huo wa tisini na tisa nani hakuwa amechoka? Watu wa Nyakiriba na Busasamana walikuwa wakirudi mashambani mwao baada ya kukaa kambini kwa ajili ya usalama, wakakuta magugu yamewazidi kimo na misambi wanakula mbegu. Walitaka kuwapiga mawe. Wenye mradi wakamtuma Karenzi kuwaelimisha. Alisimama kanisani baada ya misa, saa ya matangazo, nyuma ya habari za ndoa na za mkutano wa akina mama, akainua kisanduku watu wakione. Hakuwa na hamu ya kueleza chochote. Alitaka kwenda nyumbani akajinyooshe. Kwa hiyo alifupisha: kisanduku hiki kinaongea na kitu kilicho juu, na kile cha juu kinatuambia kisanduku kiko wapi. Anayekivaa, hata aende wapi, hapotei. Mkiokota kimoja, kileteni ofisini.

Watu wakapiga makofi ya adabu, naye akaenda nyumbani kulala.

Misambi wake hawakufanya la ajabu. Walikula mahindi ya watu, wakaenda bondeni, wakarudi kula mahindi ya watu. Mpaka namba saba alipobadilisha mambo. Kwanza alitulia Busasamana, mahali pamoja, kiasi kwamba Karenzi alidhani amekufa. Kisha jioni moja akatokea Goma, ng'ambo ya mpaka. Baada ya hapo Sake. Baada ya hapo Mushaki.

Jack alituma, kwa redio ya setilaiti, barua iliyojaa alama za mshangao. Alisema hakuna aliyewahi kuona musambi wa Rwanda akienda magharibi kwenye misitu, na kwamba ugunduzi huu utawafanya wakubwa wa chuo waipende setilaiti. Karenzi aliisoma, kisha akaitazama ramani kwa muda mrefu. Njia ile aliijua, alizaliwa kando yake. Ndege akitaka kufika ng'ambo ya bonde hulikata bonde, lakini huyu alikuwa anapinda kila barabara inapopinda. Tena alilala Mushaki karibu na soko. Nyumba ya baba yake Karenzi ilikuwa juu kidogo ya soko hilo, kabla haijachomwa mwaka wa tisini na sita na wao kuvuka mpaka na nguo walizovaa. Hapo sokoni alikuwa hajaona musambi analala, isipokuwa wa kuuzwa.

Aliikunja ramani, akaenda kulala. Hakuwa mjinga, ila uchovu ukimzidi mtu hufanana na ujinga.

Siku hizohizo Donatha akaanza kuja ofisini. Huyu alikuwa muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kule ufukweni, mjane mwenye mabega mapana na sauti ya kushinda injini ya boti, na watu walimwita Mama Habineza kwa jina la mwanawe wa kwanza. Zamani alipita mara mojamoja na beseni lake. Sasa alikuja kila asubuhi, akamngoja Karenzi ashuke kwenye ngazi.

"Mwalimu, ule ndege namba saba iko wapi leo?"

"Iko Mushaki, Mama Habineza."

"Iko muzima?"

"Iko na joto, iko natembea. Kwa nini unaniuliza hiyo moja tu? Kuna zingine."

"Zingine ni za kwako," alisema Donatha, akamwachia sambaza kwenye jani la mgomba na kuondoka, akikataa kabisa kulipwa.

Namba saba alipofika Masisi, Donatha alimshukuru Mungu kwa sauti, mikono juu, mbele ya ofisi. Mama wa makamo haimbi zaburi kwa ajili ya korongo. Karenzi aliketi kwenye ngazi ya mwisho, akamwonyesha Donatha naye aketi.

"Mama Habineza, ile kisanduku iko mugongoni ya nani?"

Donatha alilitazama beseni lake. Kisha akasema wazi, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa.

"Iko kwa Nishimwe. Binti yangu."

Akamweleza. Mwaka wa tisini na sita, kambi ya wakimbizi ya Mugunga ilipovunjika, watu waligawanyika katikati ya risasi. Yeye na Nishimwe walisukumwa upande wa Gisenyi, wakarudi nyumbani. Habineza alisukumwa upande wa magharibi na umati mwingine, na tangu hapo hapakuwa na neno. Kisha mwaka huu mfanyabiashara mmoja wa maharage akasema aliwahi kumwona huko Nyabiondo akilimia watu. Nishimwe, ambaye ni mwanamke mzima wa kuvuka mpaka kila wiki na bidhaa zake, akasema atakwenda kumleta kaka yake.

"Mi nilikataa. Moja imepotea, nitoe na ya pili? Tukagombana mpaka tukaacha kusalimiana. Halafu dada yangu wa Busasamana akaokota musambi imekufa kwa shamba, iko na kisanduku. Mwalimu, we ulisema pale kanisani, mwenye kuvaa hii hapotei. Donc, basi, nikaishonea ndani ya kitenge ya Nishimwe, hapa mugongoni. Nikamuambia, bon, sasa enda."

Karenzi alitaka kusema kwamba pale kanisani alikuwa anazungumza juu ya ndege. Alitaka kusema kwamba siku ile alikuwa na njaa na usingizi, na neno lilimtoka kwa sababu lilikuwa fupi.

"Mama, ile kitu haichunge mutu," alisema. "Inasema tu iko wapi. Ikimupata mubaya njiani, itaniambia ni wapi, basi."

"Najua. Mi sikuomba imuchunge. Niliomba nijue."

Karenzi mwenyewe alikuwa na watu huko magharibi ambao asingejua kamwe walilala wapi mara ya mwisho. Alichukua sambaza wake, akapanda juu kuisubiri barua ya Jack.

Barua iliyofuata haikuwa nzuri. Jack alisema wakati umefika wa kuijaribu ile betri mpya: wanataka kuichosha mpaka ikate roho, ili wajue itavumilia kiasi gani, na kwa hiyo sikio la ndege litazimwa. Karenzi alicheka peke yake. Watu wa huko walikuwa wanalipwa kupima jinsi kitu kinavyochoka, na hapa Gisenyi walikuwepo wengi wa kupimwa bila gharama. Lakini, akaongeza Jack, kama musambi namba saba bado anaendelea na safari, watangoja amalize.

Kama angesema ukweli, kwamba namba saba ni mwanamke mwenye kitenge, sikio lingezimwa siku hiyohiyo. Karenzi aliandika: Namba saba anaendelea na safari, tafadhali msizime. Hapakuwa na neno la uongo hata moja katika sentensi hiyo, na alijiona mwongo. Aliituma hata hivyo.

Kuanzia hapo hakukosa hata pito moja la setilaiti. Alipanda paani na homa. Alipanda Jumapili, Umulisa akimfokea toka chini kwamba watoto wake wamesahau uso wake. Aliugeuza ule usukani wa baiskeli kwa uangalifu wa mtu anayevusha mgonjwa mtoni, na kila asubuhi Donatha alikuwa chini ya ngazi na swali lake moja. Iko wapi? Iko muzima? Na Karenzi, ambaye kwa miaka mitatu hakuwa na habari njema ya kumpa mtu yeyote, alianza kuzipenda zile asubuhi. Alishuka haraka kuliko magoti yalivyotaka.

"Imefika Nyabiondo!" alimwambia siku moja kabla hata hajaulizwa.

Donatha alicheza. Alicheza hapo barabarani na beseni kichwani, na askari wa zamu akamwuliza kama ameshinda bahati nasibu.

Kisha kisanduku kikatulia. Siku za kwanza halikuwa jambo. Mtu akifika anapumzika, anazungumza na ndugu yake, wanapanga safari. Lakini kila ujumbe wa kisanduku ulikuwa na namba mbili ndogo pembeni, moja ya joto na nyingine ya mtikisiko. Njiani joto lilikuwa la mgongo wa mtu, na mtikisiko ulikuwa wa mtu anayetembea. Sasa mtikisiko ulikuwa sifuri. Joto lilikuwa kali kidogo mchana, na asubuhi lilikuwa baridi. Lilikuwa joto la udongo.

Karenzi alifundisha fizikia miaka kumi na zaidi, alijua kusoma kipimajoto. Alingoja pito jingine, na jingine. Aliifuta antena kwa shati lake. Namba hazikubadilika.

Jack naye alizisoma hukohuko kwao. Akaandika barua fupi ya huruma: pole, ndege wetu amekufa, tumejifunza mengi, Ijumaa tunazima.

Na Ijumaa sikio likazimwa. Setilaiti iliendelea kupita, ikabeba barua zake, lakini kuhusu ndege na watu haikusema tena.

Asubuhi iliyofuata Donatha alikuwa chini ya ngazi. Karenzi alikuwa ameandaa uongo usiku kucha: iko Nyabiondo, imepumzika, mvua imezuia njia. Ulikuwa uongo mzuri na ungeweza kukaa wiki nzima. Lakini ungehitaji mwingine baada yake, na mwingine, na kila mmoja angepaswa kuubeba kushuka nao kwenye ngazi. Hakuwa na nguvu hiyo. Baadaye alijaribu kujiambia kwamba alimheshimu mama yule akampa ukweli wake. Haikuwa heshima. Alichoka, ndiyo sababu.

"Mama Habineza, kisanduku iko baridi. Haitembei. Iko baridi kama udongo."

Donatha hakupiga kelele. Aliuliza tu kama inawezekana kisanduku kimedondoka.

"Ulishona nguvu?"

"Nilishona na uzi ya nyavu."

Uzi wa nyavu haukatiki, na wote wawili walilijua hilo.

Matanga yakakaliwa nyumbani kwa Donatha, kule chini karibu na ufuko, bila maiti, kama matanga mengi ya miaka ile. Wauza samaki walitandika mikeka uani, wanaume wakaweka mabenchi, mabaharia wakaleta kuni, kwaya ikaja jioni. Karenzi alikwenda kila siku. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuumiza zaidi. Walimpa kiti kizuri, wakamwita Mwalimu, wakamwuliza kama ni kweli kitu kile cha juu hakikosei. Alisema hakikosei. Alitamani mmoja wao amzabe kofi.

Siku ya kumaliza matanga, asubuhi, Karenzi alipita ofisini kuchukua koti. Mwanamke alikuwa ameketi chini ya ngazi. Alikuwa amekonda, miguu imevimba, vidole vimefungwa vitambaa. Kitenge chake kilikuwa kimepasuliwa mgongoni, mraba kamili, kwa kisu.

"Mwalimu," alisema, "mi ni Nishimwe. Mama aliona? Ulimuambia iko wapi?"

Karenzi alishika nguzo ya mlango.

"We uko muzima," alisema.

"Niko muzima. Njia ilifungwa na vita kule Masisi, nikangoja. Lakini mama aliona? Niliacha kisanduku pale kwa sababu yake. Nilijua haitatembea tena, ataelewa nimefika."

"Uliacha wapi?"

Nishimwe alitazama ziwa.

"Habineza alikufa na homa, mvua ya mwaka jana. Wale alikuwa analimia walimuzika nyuma ya migomba. Hakuna musalaba, hakuna kitu, na walikuwa wanataka kulima pale. Nikapasua kitenge, nikachimba pale kwa kichwa, nikaweka kisanduku, nikapanga mawe. Ili mama ajue mutoto yake iko wapi."

Karenzi alimweleza yaliyotokea, yote, bila kujipunguzia lawama. Alimwambia kwamba yeye ndiye aliyesoma baridi ile na kuiita kifo chake. Nishimwe alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza ni nani alipika kwenye matanga yake, kisha akacheka kidogo na kulia sana. Walishuka pamoja kwenda ufukweni, polepole, kwa sababu ya miguu yake, na kwa sababu hakuna kati yao aliyekuwa na haraka ya kufika.

Karenzi alitaka kutangulia awatayarishe watu, lakini langoni Nishimwe hakumngoja. Aliingia tu. Wimbo wa kwaya ulikatika. Mwanamke mmoja alipiga ukelele na kuruka benchi, wengine wakafanya ishara ya msalaba, kisha wote wakaanza kupiga vigelegele na kulia kwa pamoja. Donatha peke yake hakufanya lolote kati ya hayo. Aliinuka kwenye mkeka, akamshika binti yake uso, mabega, mikono, mpaka vidole vya miguu alivishika. Akaridhika kwamba ni mtu wa nyama.

Halafu akatazama nyuma ya Nishimwe, kwenye lango. Alitazama kwa muda, shingo imenyooka, kama anayengoja mtu wa pili amalize kufunga kiatu huko nje aingie.

Nishimwe alitikisa kichwa.

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Wanawake waliokuwa wameanza kukunja mikeka walitazamana, kisha wakaitandika upya bila kuambiwa na mtu. Kuni zilizobaki zikasogezwa motoni. Walioketi kwa ajili ya Nishimwe waliketi tena kwa ajili ya Habineza, naye Nishimwe akaketi katikati yao, akapewa uji ule uliopikwa kwa ajili ya matanga yake mwenyewe.

Donatha alimjia Karenzi aliyekuwa bado amesimama langoni. Macho yake yalikuwa makavu.

"Nyabiondo, ukiwa hapa, ni upande gani?"

"Nishimwe anajua njia, Mama."

"Njia inapinda. Mi nauliza upande."

Hilo Karenzi alilijua. Alikuwa ameichora mistari ya safari ile kwenye ramani mara nyingi kuliko alivyotaka. Aliuinua mkono wake, akaupitisha juu ya mapaa ya bati, juu ya Goma, akausimamisha kushoto ya mlima Nyiragongo, palipokuwa na mawingu matupu.

"Pale," alisema. "Moja kwa moja pale."

Donatha aliufuata mkono wake mpaka mwisho, akarudia kwa mkono wake mwenyewe ili asikosee. Kisha akauvuta mkeka wake, akaugeuza, akaketi akiutazama upande huo.